Ada Naimudu, Kopi Ndizo Zinazonimaliza

Watu wakisikia nasoma sheria Chuo Kikuu Huria, swali lao la kwanza ni ada. Ni shilingi ngapi kwa mwaka? Nani ananilipia? Nilipata mkopo wa Bodi ya Mikopo? Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu kopi. Nami nimekaa na hesabu zangu muda wa kutosha kujua kwamba ada, pamoja na ukali wake wote, ina adabu: inakuja na kontroo namba, ina tarehe, inajulikana mapema. Kinachonikausha ni vitu visivyo na kontroo namba wala risiti.

Nieleze kwanza nasimama wapi. Naishi Kihonda, Morogoro. Surua ilinipata utotoni ikaniachia makovu kwenye vioo vya macho. Jicho la kushoto halioni kabisa. La kulia linaona kwa masharti: maandishi yawe makubwa, wino uwe mweusi ti, na mwanga usinipige usoni. Kwa lugha ya serikali mimi ni mtu mwenye uoni hafifu. Kwa lugha ya makonda mimi ni yule dada anayeuliza "hii inakwenda wapi?" na kibao kiko mbele ya pua yake. Nimevuka miaka 40, nina watoto wawili, na nafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba ninayopanga, kwa ruhusa ya mama mwenye nyumba, ruhusa ambayo naifanya upya kwa trei kila mwisho wa mwezi. Mayai ndiyo mshahara wangu.

Sasa tuje kwenye kopi. Chukua moduli ya kurasa 200 iliyochapwa kwa herufi za ukubwa wa 12. Nikiikuza mpaka 20, ukubwa ambao jicho langu linaukubali bila ugomvi, haibaki kurasa 200. Herufi inanenepa kwa upana na kurefuka kwa urefu, kwa hiyo karatasi zinakaribia kuwa mara tatu, kama 550 hivi. Kwa shilingi 100 kila ukurasa, hiyo ni Sh 55,000. Kwa bei ya jumla ninayouzia mimi, ni trei saba za mayai, na hapo sijaondoa pumba, mashudu, dagaa wala chokaa. Hiyo ni moduli moja. Mwenzangu mwenye macho mazima anaisoma hiyohiyo kwenye simu, amesimama ndani ya daladala, bure.

Kijana wa steshenari ninakochapishia aliwahi kunionea huruma. "Dada, umeziona hizi kurasa zilivyo nyingi?" Nikamwambia kuona ndilo tatizo lenyewe, mdogo wangu. Akacheka mpaka akaegemea mashine, kisha akanishushia bei hadi Sh 80. Namhesabu miongoni mwa wafadhili wangu wa elimu ya juu.

Kuna usafiri. Mchana napanda daladala kama kila mtu; nauliza, najibiwa, wakati mwingine natukanwa kidogo, nafika. Lakini kipindi cha jioni kikiisha giza limeshaingia, jicho langu la kulia linajiuzulu, na hapo ni bodaboda, tena yule ninayemfahamu, anayenifikisha mlangoni. Nauli yake ni mara tatu ya daladala na hata zaidi. Kuna binti wa jirani aliyekuwa ananisomea vitabu ambavyo havikuzeki, vile vya maktaba vilivyojaa tanbihi za herufi za sisimizi. Nilikuwa nampa Sh 2,000 kwa kikao, chai na andazi juu. Nadhani anaijua sheria ya mikataba kuliko baadhi ya niliosoma nao. Kuna bando, maana mtu asiyeweza kunakili ubaoni hurekodi, hutumiwa sauti, hupakua, na sauti inakula data. Na kuna muda. Ukurasa anaoumaliza mwenzangu kwa dakika tatu, mimi unanichukua kumi na jicho linauma. Muda huo ningekuwa bandani.

Kwa nini basi sheria, somo la watu wanaolala na vitabu? Kwa sababu ndilo nililolitaka. Nimegundua maskini anaruhusiwa kuchagua kozi pale tu chaguo lake linapoonekana "la busara", na mwenye ulemavu anaruhusiwa hata kidogo zaidi ya hapo. Nilishauriwa ualimu wa elimu maalumu na watu ambao hawakuwahi kuniuliza kama napenda kufundisha.

Tuje kwenye Bodi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya 2004 ikaanza kazi 2005, na sitaibeza; watoto wengi wa wakulima wamevaa joho kwa sababu yake. Ulemavu unatambulika katika miongozo yake. Mwombaji mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, huambatisha uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, na hilo huhesabiwa anapopimwa uhitaji wake. Kama una mdogo wako wa aina hiyo anayemaliza kidato cha sita mwaka huu, mwambie asiione haya fomu ile, na cheti cha kuzaliwa akihakikishe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema kabla foleni haijawa ndefu.

Lakini soma masharti mpaka chini. Kwa shahada ya kwanza, umri usizidi miaka 35. Awe amemaliza kidato cha sita au sifa inayolingana nayo ndani ya miaka mitano. Asiwe na kipato chake cha ajira. Ukiyaweka pamoja unamwona mtu anayekusudiwa: kijana aliyetoka shule juzi, hana kazi, atakaa hosteli na kusubiri bumu, yaani hela ya kujikimu. Kijana huyo yupo na anastahili. Mimi sikuwahi kuwa yeye. Baada ya kidato cha nne nilikaa nyumbani miaka mingi, kwa sababu shule niliyopangiwa haikuwa na namna ya kunifundisha kitu chochote kilichoandikwa ubaoni, na mwalimu mmoja aliniambia waziwazi kwamba nawarudisha wenzangu nyuma. Kidato cha sita nilikuja kukifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa mama wa watoto wawili. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimeshaivuka 35. Ulemavu ndio ulionichelewesha, na kuchelewa ndiko kulikoniondolea sifa. Sijui aliyeandika sharti la umri alikuwa anamfikiria nani, ila ningependa siku moja akae na watu wenye ulemavu kumi tu awaulize walimaliza shule wakiwa na umri gani.

Nina rafiki mwalimu aliyesomeshwa na Bodi. Anakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Zamani kilio chake kilikuwa kikubwa zaidi, enzi za ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inalinenepesha deni hata kwa asiyechelewa kulipa, mpaka ilipofutwa 2021. Akishika hati yake ya mshahara hunitania kwamba mimi nasoma bila deni. Ni kweli. Nasoma polepole, bila deni, na shahada ya miaka mitatu kwangu itachukua zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Huria ilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992 na ikapokea wanafunzi wake wa kwanza 1994. Bado wapo wanaokiona ni chuo cha waliokosa pa kwenda. Huwa nawakumbusha kwamba Rais Samia ana shahada ya uzamili ya maendeleo ya uchumi wa jamii aliyoipata 2015 kupitia programu ya pamoja ya Huria na Southern New Hampshire University ya Marekani, na mazungumzo huhamia kwenye hali ya hewa. Kwa mfuko wangu lakini, heshima siyo hoja. Hoja ni kwamba nalipia masomo ninayojisajili. Nikiwa nacho nachukua mengi, nikiwa sina nachukua mawili, na hakuna anayenifukuza. Kituo kiko hapahapa mkoani, kwa hiyo sihitaji kupanga chumba Dar es Salaam ili niitwe mwanafunzi.

Kalenda yangu ya masomo inatoka bandani. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Kabla ya hapo anakula tu na kukutazama. Kwa hiyo naagiza vifaranga mwezi wa tano ili mwezi wa kumi, msimu wa kujisajili ukikaribia, trei zianze kutoka. Kuku wakizeeka na kupunguza kutaga, nami napunguza masomo. Adui mkubwa wa elimu yangu ni kideri, ugonjwa wa kuku. Chanjo yake, I-2, ni tone moja kwenye jicho la kila kuku, na majirani hufurahi kupita kiasi kuniona mimi, kati ya watu wote wa Kihonda, nikihangaika kuweka dawa ya macho. Mwanangu anamshika kuku, mimi nalitafuta jicho kwa kidole. Mwaka ambao chanjo ilikosekana mjini na kideri kikapita mtaa mzima, nilibakiwa na kuku wachache na masomo mawili. Kwenye karatasi za chuo mwaka ule naonekana mwanafunzi mvivu.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa mipango hawalioni. Kusoma polepole kunaonekana nafuu kwa sababu kila mwaka unalipa kidogo. Lakini kuna malipo ya kila mwaka yasiyotazama umechukua masomo mangapi: usajili, umoja wa wanafunzi, ile ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na vijimichango vingine vyenye majina marefu. Anayemaliza kwa miaka mitatu anayalipa mara tatu. Mimi nitayalipa mara saba au nane. Kila moja ni dogo, hakuna anayeweza kuandamana kwa ajili yake, na mwisho wa safari nitakuwa nimelipia fedheha ya kutokuwa na haraka.

Mtaji wa kuku haukudondoka. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chetu kina fundi cherehani asiyetembea, mzee mmoja kiziwi anayetengeneza majiko, na wengine. Tuliandika andiko, tukazungushwa na ofisi ambazo sitazitaja, tukapata. Ni mkopo wa biashara, na hata senti yake haikwenda chuoni. Kuku walirejesha mkopo, na kilichobaki ndicho kikaingia kwenye kontroo namba. Tulikuwa tunajipanga kwa awamu ya pili pale Aprili 2023 serikali iliposimamisha mikopo hiyo nchi nzima ili kupanga utaratibu mpya, baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kueleza habari za vikundi hewa na fedha zisizorudi. Ilirejea 2024. Katikati hapo waliorejesha kila shilingi na waliokula na kukimbia tulisubiri kwenye benchi moja. Mzee wa majiko alipoelezwa sababu kwa ishara aliuliza swali fupi: hewa wanapataje saini?

Wafadhili nao niwaseme. Taasisi moja ilinikubalia ada ya mwaka mzima. Nikafurahi mpaka nikachinja. Kisha wakaja wapiga picha. Wakaniuliza fimbo nyeupe iko wapi. Nikasema situmii fimbo, bado naona njia mchana. Wakatazamana, mmoja akaenda kwenye gari akarudi nayo, mpya, ina nailoni. Nikaishika. Nikaambiwa nitazame juu kidogo, upande, siyo kwenye kamera. Picha ikapigwa, ada ikalipwa, na mtihani wa mwaka ule nilifaulu. Sijui picha iko ukuta gani. Simshauri mtu akatae msaada wa namna hiyo, maana mimi sikuukataa. Ninachosema ni kwamba ulikuwa na bei, na bei hiyo haikuandikwa kwenye barua ya tuzo.

Baadaye nikajaribu michango. Sisi Watanzania ni mabingwa wa michango. Kundi la WhatsApp la harusi linakusanya mamilioni kwa wiki chache, lina mwenyekiti, mhazini na orodha ya wanaodaiwa, na asiyelipa anatajwa jina bila aibu. Nikasema na mimi nifungue kundi la ada. Walioingia walikuwa wengi. Waliochangia walikuwa ndugu wa damu na mchungaji. Shangazi yangu alinieleza vizuri, bila kunificha: "Mwanangu, harusi tunakula. Ada yako tutakula nini?" Nikamjibu nitakuwa wakili wake wa bure wa kesi ya kiwanja. Akachangia Sh 20,000 na kunikumbusha mpaka leo. Kilichonisaidia kwa uhakika zaidi ni mchezo wa kina mama wa mtaani: kila wiki unatoa, zamu yako ikifika unabeba chungu chote. Kijumbe wetu hana shahada lakini anatunza hesabu ambazo baadhi ya taasisi zingejifunza kitu. Zamu yangu moja ilinunua laptop iliyotumika.

Na hiyo laptop ndiyo iliyonibadilisha namna ya kufikiri. Kwa miaka kadhaa nilikuwa natafuta hela ili ninunue njia ya kuuzunguka ukurasa nisioweza kuuona. Sikuwa nimejiuliza kwa nini ukurasa wenyewe uje kwangu ukiwa hauonekani. Mwanachama mmoja wa chama cha wasioona alinionesha NVDA, programu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye skrini. Ni ya bure. Ilianza 2006 kwa mikono ya Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, akishirikiana na mwenzake James Teh, naye haoni, kwa sababu programu za kununua za aina hiyo zilikuwa zinagharimu kama kompyuta nyingine. Sauti ya eSpeak inayokuja nayo ina hata Kiswahili, ingawa inakisoma kama askari anayeita mahabusu majina. Kwa Kiingereza, ambacho ndicho tunachosomea sheria, inavumilika, na baada ya muda masikio yakazoea kasi ambayo mtu mwingine akisikia anadhani redio imeharibika. Sasa nalisha kuku huku nikisikiliza kanuni za ushahidi.

TanzLII nayo iliniokoa. Hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu, sheria, vyote viko pale mtandaoni bila malipo, na nyingi ni maandishi halisi ambayo NVDA inayasoma. Zile za zamani zilizopigwa picha karatasi kwa karatasi haziwezi. Kwa kompyuta hizo ni picha tu, sawa na picha ya harusi. Hapo naingiza simu. Lookout ya Google inasoma maandishi yaliyomo kwenye picha, kwa makosa yake, bila malipo. Kitabu kinachokataa njia zote hizo ndicho kinachorudi kwa binti wa jirani.

Kwa hiyo nikaacha kuomba hela, nikaanza kuomba mafaili. Hili naliandika kwa herufi kubwa kichwani: kila kitu ambacho chuo au mhadhiri anakupa katika namna unayoweza kuisoma ni fedha ambayo hukuitoa. Mhadhiri akinitumia moduli katika Word badala ya nakala iliyoskaniwa, amenipa Sh 55,000, na yeye hakutumia hata shilingi. Barua zangu za kwanza zilikuwa za unyenyekevu, "naomba unihurumie". Hazikujibiwa. Kisha masomo yakanisaidia kuandika vizuri zaidi. Sasa naanza na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, napita kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia 2009, ibara ya 24, kifungu cha 5, kinachotaja elimu ya juu na elimu ya watu wazima kwa majina na kuitaka nchi ihakikishe mwanafunzi anawekewa mazingira yanayomfaa. Baada ya hapo ndipo nasema ninachotaka: nakala laini, karatasi ya mtihani ya herufi 20, muda wa ziada, na kiti mbali na dirisha linalopiga jua. Siandiki kwa ukali. Naandika kama mtu anayekumbusha.

Wengine wataniuliza kuhusu hakimiliki, maana wapo wanaogopa kutoa faili la kitabu. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao nchi yetu ni mwanachama, uliwekwa kwa ajili ya hofu hiyohiyo: unaruhusu vitabu kugeuzwa katika namna ambayo wasioona na wenye uoni hafifu wanaweza kusoma, bila kumwomba mwenye kitabu ruhusa. Uweke kwenye barua. Watu wengi wa maktaba hawajausikia, na wakiusikia huwa wanafarijika kuliko unavyodhani, kwa sababu walikuwa wanataka kusaidia lakini wanaogopa.

Sitaki mtu asome hapa aseme, kumbe mnachohitaji ni barua na programu za bure. Barua haipandi bodaboda. Nasema tu kwamba nchi ingeweza kulitazama jambo hili kwa namna nyingine. Uingereza wana posho ya mwanafunzi mwenye ulemavu inayokaa kando kabisa na mkopo wa ada. Hairejeshwi, haiangalii kipato cha nyumbani, na anayesoma kwa muda pungufu anaipata, ilimradi asome angalau robo ya kasi ya mwanafunzi wa muda wote. Inalipia programu, vifaa, msaidizi na usafiri ule unaosababishwa na ulemavu wenyewe. Nao wana fomu zao ndefu na tathmini, na kule England mwanafunzi anatoa pauni 200 za kwanza za kompyuta kutoka mfukoni; kule nako si peponi. Ninachokipenda ni mgawanyo. Ada ni ya kila mtu, ipangieni masharti ya umri mkitaka. Gharama ya kutoona ni yangu peke yangu, haikunianza nilipoingia chuo na haitakwisha nikifika 35, kwa hiyo kuipima kwa kipimo cha ada ni kupima mayai kwa kilo. Kwa hapa kwetu nisingeanza na makubwa: karatasi, bando, nauli ya usiku, msomaji. Kiasi kidogo, kinachokuja mara kwa mara, bila kuniuliza nilizaliwa lini.

Nimebakiza masomo machache. Kuku wakikubali, nitamaliza, na hapo ndipo linapoanza jambo linaloninyima usingizi. Shahada ya sheria peke yake hainifanyi wakili. Lazima nipite Law School, shule ya kuwafunza mawakili kwa vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya 2007, na Law School iko Dar es Salaam. Kule hakuna kusoma mawili mwaka huu na matatu mwakani. Ni darasa, mafunzo ya vitendo mahakamani na mitihani, mfululizo. Sifa yake mnaijua: Oktoba 2022 matokeo yalionesha kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, mpaka ikaundwa kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Ugumu wa mitihani siuogopi sana. Nimeshazoea kusoma mara mbili. Naogopa kodi ya chumba Sinza, vituo vya daladala nisivyovijua, na kuku watakaobaki Kihonda na mtoto wa sekondari.

Habari njema ni kwamba Bodi sasa ina mwongozo wa mikopo kwa wanafunzi wa Law School. Nimeanza kuufuatilia, hasa upande wa umri na kipato, maana nimejifunza kusoma masharti kuanzia chini kwenda juu. Kikundi kimeniahidi kwamba kama awamu mpya ya asilimia 2 itatoka kabla sijaondoka, banda litaongezwa na fundi cherehani atalisimamia kwa mgawo tutakaokubaliana kwa maandishi. Mkataba nitauandika mimi, bure.

Ninachokosa ni taarifa za mtu aliyekwishapita. Kama wewe au unayemfahamu alisoma Law School akiwa na uoni hafifu au haoni kabisa, nina maswali matatu. Karatasi za mitihani zilikujaje? Nyaraka za mahakamani wakati wa vitendo nani alikusomea, na ulimlipa au chuo kilimlipa? Na chumba ulipata wapi ambapo jioni unaweza kurudi kwa miguu?